Tanuru la Mzee Tadeo

Tulimzika Mama Dora mwezi uliopita, na mvua haikutuonea haya. Ilitunyeshea nje ya kanisa, ikatufuata makaburini, ikarudi nasi mpaka nyumbani kwake Kagarama, hapa Kigali, tulikokwenda kukaraba. Ndiyo desturi ya hapa: mkitoka kuzika mnanawa mikono pamoja, mnakaa chini ya turubai, mnapewa cha kunywa, mnamtaja marehemu kwa mema. Mimi ni Mwislamu wa Nyakabanda na matanga ya kwetu yana taratibu zake, lakini kwa Mama Dora ningenawa hata kwa maji ya barafu. Basi nilikuwa nimekaa pale, mtandio umelowa, nimeinamisha kichwa kama inavyompasa mfiwa, ndipo Mama Fifi, aliyekuwa mpishi wa nyumba ile tangu kuta zake hazijapakwa rangi, akaniegemea sikioni. "Zaituni," akasema, "ile mashine ya Mzee iko bado pale pale." Nikacheka. Msibani. Nilijifunika mtandio uso mzima, mabega yanatikisika, na mama mmoja nyuma yangu akanipapasa mgongo akisema jikaze, dada, jikaze, kazi ya Mungu haina makosa. Nikaipokea ile pole. Ningefanyaje?

Kwa kuwa nimeshaaibika, acha nieleze. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, fundi cherehani, na nilikwenda Kagarama kushona mapazia. Ilikuwa kazi ya wiki moja. Lakini Mzee Tadeo alikuwa mtu ambaye ukimaliza dirisha moja anagundua dirisha jingine, na madirisha yalipokwisha akataka mapazia ya milango, na milango ilipokwisha akaniuliza kama najua hesabu za kutoa. Nikasema najua. "Vizuri sana," akasema, akanikabidhi kipimajoto. Nikapewa chumba kidogo karibu na jiko, mimi na cherehani yangu, na wiki ile moja ikawa mwaka. Alikuwa anakula peke yake kwenye meza ya watu wanane, kijiko chake kinasikika mpaka uani. Siku chache baada ya mimi kuhamia aliniambia nihamishe cherehani sebuleni, eti huko kuna mwanga mzuri wa kushonea. Mwanga wa sebuleni ulikuwa mbaya. Nilihamia hata hivyo.

Mzee Tadeo alikulia Tanzania, upande wa Bukoba, akazeekea Kanada, akarudi Kigali na kontena. Mama Fifi alinisimulia kwamba siku lilipofunguliwa mtaa mzima ulitoka kutazama, maana mtu akirudi kutoka ng'ambo na kontena, ndani mna gari. Ndani mlikuwa na sanduku refu la chuma, la kijivu, kubwa kuliko kabati la nguo. Wengine wakasema ni jenereta, wengine friji ya hoteli. Mzee akawaambia kwa fahari kwamba ni tanuru la kupashia nyumba joto, lililomtumikia kule kwenye theluji miaka yote, na kwamba hakuweza kuliacha litupwe. Watu wakalitazama upya. Kisha jirani mmoja akauliza kwa upole, "Nyumba yenyewe inaumwa?"

Wacheke wanavyotaka, lakini tusidanganyane kuhusu Kigali. Theluji hatuna, ila mvua za mwezi wa nne zikishika, asubuhi ya vilima hivi ina baridi inayoingia kwenye magoti na kukaa humo. Nguo uliyoanika Jumatatu unaianua Alhamisi bado mbichi, inanuka kama mbwa. Mzee alikuwa na hoja. Tatizo lake ni kwamba aliitoa kila siku. Tanuru lilikaa stoo, nyuma ya jiko. Ndani yake uliwaka moto wa mazutu, yaani dizeli, na feni kubwa ilivuta hewa baridi ya nyumba, ikaipitisha kando ya moto, ikaisukuma kwenye mabomba mapana ya bati kwenda kila chumba. Mabomba yale waliyatengeneza mafundi wa kwetu Nyakabanda, wale wanaotengeneza imbabura za kupikia kwa makaa, na mpaka leo wanabishana ni nani aliyekunja kona nzuri zaidi. "Moshi una njia yake, hewa ina njia yake," Mzee alikuwa akisema, kidole juu, kama yuko mimbarini. Mama Fifi alikuwa anaitikia amina.

Na haya yote yalikuwa kwa ajili ya Mama Dora, mke wake. Alikuwa amebaki Kanada na binti yao, na kila Mzee alipomwomba arudi nyumbani, jibu lilikuwa moja: ile nyumba ya Kagarama ni ya baridi. Aliwahi kulala humo siku chache za mvua wakati inajengwa, na hakusahau. "Nitoke kwenye theluji nije kutetemeka Kigali, nitakuwa nimefaidi nini?" Mwishoni alikubali jambo moja tu. Atakuja mwezi wa nne, mvua ikiwa imeshika kweli, alale wiki mbili, ajionee. Tiketi yake ilikuwa ya kuja na kurudi, na Mzee alikuwa na hizo wiki mbili za kumfanya asiitumie ile ya kurudi. Hakuwa na mpango mwingine. Mwanamume mzima, mwenye kusoma magazeti ya lugha tatu, alikuwa ameweka ndoa yake yote kwenye mabomba ya bati.

Hivyo kila asubuhi, akishamaliza chai yake ya maziwa, tulikagua. Mtu akitaka kujua kama tanuru linapasha hewa sawasawa, alinifundisha, haangalii moto, kwa sababu moto unaweza kuwaka vizuri na nyumba ikabaki baridi. Unapima hewa inayoingia kwenye mashine, unapima hewa inayotoka, unatoa ndogo kwenye kubwa, na jibu ndilo joto ulilolipata kwa mazutu yako. Kisha unafuata bomba chumba kwa chumba, unaweka mgongo wa mkono kwenye tundu la ukutani. Ni mgongo, si kiganja. Kiganja cha fundi cherehani, alisema, kimeshazoea pasi na hakiaminiki. Miezi ya kiangazi mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Tulikaa sebuleni tunatokwa na jasho, Mzee na fulana ya ndani, mimi nakung'uta mtandio, nje jua la saa sita, na yeye ananiuliza, "Unaona?" Nilikuwa naona. Nilikuwa naona nyota.

Jumapili alikuwa anapiga simu Kanada, na kwa kuwa alipiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde, mtaa mzima ulijua hali ya ndoa. "Nyumba ina joto, Mama Dora. Nasema ina joto. Huniamini mimi? Muulize Zaituni." Kisha simu inakuja kwangu, na sauti ndogo, ya pole pole, inaniuliza, "Mwanangu, sema kweli, huyo mzee anakula?" Kuhusu joto alikuwa anauliza mwisho, kama mtu anayekumbuka kuuliza bei. Wakati ule sikulitilia maanani.

Mvua ziliposhika, mambo yakaharibika. Pale kwenye mashine hewa ilitoka moto kama kawaida, hesabu yangu ya kutoa ilikuwa safi. Lakini sebuleni ilifika vuguvugu, na chumbani kwa Mama Dora, mwisho wa korido, kwenye kitanda kilichotandikwa blanketi jipya na mapazia yangu ya maua, ilitoka pumzi ya mgonjwa. Mzee akaanza kukonda. Tulifungua kichujio tukakuta vumbi jekundu, tukakisafisha, nikashona kingine kwa chandarua. Hakuna. Tulisogeza makochi yasizibe matundu. Hakuna. Alikuja fundi wa friji kutoka Muhima, akalizunguka tanuru, akalipiga kofi, akasema gesi imeisha. Mzee akamweleza kwamba halitumii gesi. Fundi akasema, "Ndiyo maana," akaomba nauli. Kuna asubuhi nilimkuta Mzee amepiga magoti chumbani kwa mkewe, sikio kwenye tundu, anasikiliza. "Zaituni," akaniambia bila kugeuka, "asipokaa safari hii, hatakuja tena. Namjua." Sauti yake haikuwa ya kuhubiri. Nilimwonea huruma, nikapiga magoti kando yake na mimi nikasikiliza.

Jambo moja nililiona bila kulielewa. Kadiri sebule ilivyozidi kupoa, ndivyo meza ilivyozidi kunona. Tulizoea maharage na ndizi za kupika, Mama Fifi hakuwa mtu wa madoido. Sasa ikaja isombe, kisamvu cha hapa, ya karanga, laini, iliyotwangwa na mtu mwenye subira. Yakaja maparachichi makubwa kama kichwa cha mtoto, mayai ya kienyeji, maziwa ya kukamuliwa asubuhi ile, siku moja sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, waliokaangwa wakalia kama majani makavu. Mzee, pamoja na huzuni yake, alikuwa anarudia sahani. "Mama Fifi, haya yote umejifunza wapi?" Mama Fifi anaangalia chini. "Ni Mungu tu, Mzee."

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, simu ikaja kwangu. "Zaituni, sema kweli. Nyumba ina joto?" Mzee alikuwa amesimama mbele yangu, mikono ameifumbata. "Kwenye mashine, Mama, kuna joto kali," nikasema. "Na chumbani kwangu?" "Chumbani kwako, Mama, mapazia yamependeza." "Nimekusikia," akasema Mama Dora, na simu ikakatika.

Siku ya kumpokea, Mzee alivaa suti na kwenda uwanja wa ndege mapema mno. Mimi nikasema leo lazima nijue. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye bomba pale linapotoka kwenye mashine, nikalifuata. Moto, moto, moto, mpaka ukuta wa ghala dogo la unga. Upande wa pili wa ghala, kwenye korido: baridi. Ghala lilikuwa limefungwa, na mwenye ufunguo ni mmoja. "Mama Fifi, fungua." Akasema ufunguo umepotea. "Umefungwa kwenye pindo la kitenge chako, nauona," nikasema. Akafungua.

Joto lililonipokea lilinirudisha nyuma hatua. Bomba lilikuwa limechomolewa kwenye kiungo, limeelekezwa chumbani kama bomba la kumwagilia bustani, na kutoka ukuta hadi ukuta zilipita kamba. Kulikuwa na nepi za kitambaa, safu kwa safu. Kulikuwa na sare za shule, majoho ya kwaya, koti la suti la mtu mnene, na kwenye pembe godoro dogo lenye ramani ya usiku. Yote makavu, yote yananukia sabuni. Lile ghala lilikuwa mahali pazuri kuliko pote Kigali siku ile, na nilitamani kulala humo.

"Ilianza na shati ya Mzee," akasema Mama Fifi, mikono kifuani. "Shati haikauke, iko nanuka, Mzee iko nalalamika. Nikafungua kidogo. Kisha Klodine wa hapa jirani akazaa mapacha. Mapacha, Zaituni, na mvua hii. Nepi za watoto wawili. Ningemwambia nini, avalishe watoto nguo mbichi? Kisha wa kwaya wakaona nepi iko kavu, wakauliza."

"Na isombe?"

"Mtu hawezi kuja mkono mtupu," akasema, akinishangaa. "Iko tabia mbaya."

Nilimwambia maneno ambayo leo siyaandiki, yeye akanijibu kwa Kinyarwanda, haraka, ili nisipate nafasi. Kisha tukakumbuka ndege. Tukazikwanyua zile nguo, tukazirundika chumbani kwangu hadi dari, tukalirudisha bomba kwenye kiungo na kulifunga kwa vitambaa vyangu vya mapazia. Hatukutazama ndani ya bomba. Nani angetazama ndani ya bomba?

Mama Dora alikuwa mwanamke mdogo, koti kubwa mkononi, kofia ya sufu. Alinikumbatia mlangoni, akanusa hewa ya sebuleni, akasema, "Ehe." Sebule ilikuwa na joto. Mzee aliniangalia kana kwamba nimemfufulia mtu, kisha akamshika mkewe mkono, akampeleka moja kwa moja mwisho wa korido, mimi na Mama Fifi nyuma. "Weka mkono hapa. Hapana, mgongo wa mkono." Mama Dora akainama kwenye tundu. Hewa ikatoka, ya moto, yenye nguvu, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Mzee akafumba macho. Ndipo kitu cheupe kikaanza kucheza nyuma ya vyuma vya tundu, kikachungulia, na Mama Dora akakivuta kwa vidole viwili. Ilikuwa soksi ya mtoto mchanga. Ya moto.

"Tadeo," akasema. "Hii ni ya nani?"

Mzee akaitazama ile soksi kwa muda, na kwa kuwa hakujua uongo akasema, "Sijui." Bora angesema chochote kingine. Mama Dora akamtazama mumewe aliyekaa peke yake Kigali muda wote huo. Akaitazama soksi. Kisha akanitazama mimi, usoni kwanza, halafu macho yakashuka taratibu mpaka kiunoni, yakabaki hapo. Msichana hajaolewa, baba yake anaswali safu ya mbele, na mwanamke kutoka Kanada anahesabu miezi juu ya tumbo lake.

"Mama, mimi ni fundi wa mapazia," nikasema.

"Naona," akasema.

Mungu hamtupi mja wake. Mlango wa jikoni ukalia, na kwenye korido akaingia Klodine kama alivyozoea, beseni la nepi mbichi kichwani, pacha mmoja mgongoni, mwingine kifuani. "Mama Fifi, joto iko?" Akatuona, akasimama. Yule pacha wa kifuani alikuwa na mguu mmoja wazi. Mama Dora aliuangalia ule mguu, akaangalia soksi, akaenda akamvisha. Ilimkaa sawasawa. Hapo ndipo tukaanza kusema ukweli wote kwa pamoja, mimi kwa Kiswahili, Mama Fifi kwa lugha zote, Klodine akiomba msamaha na beseni bado kichwani.

Mzee ndiye wa mwisho kuelewa. "Kwa hiyo," akaniuliza, "tanuru halikuwa na kosa?" Nikamwambia halikuwa na kosa hata siku moja. Akakaa kitandani, akatoa leso. "Nilijua," akasema. "Nilijua."

Mama Dora hakumsikia. Alikuwa ameshafika ghalani, ameziona kamba. "Lichomoeni tena," akasema. Tukalichomoa. Akaketi kwenye gunia la unga, akampokea pacha wa kifuani ili mama yake aanike, na mvua ilipozidi mchana wakaja wa kwaya na majoho yao, mmoja na bakuli, mwingine na maziwa, na wote wakakaa humo wakimuuliza habari za Kanada na kumsimulia zile za mtaani ambazo simu ya Jumapili haikuwahi kuzifikisha. Mama Fifi akachemsha chai ya tangawizi. Kicheko cha Mama Dora kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Jioni Mzee alikuja mlangoni na kipimajoto, akasema kwa unyonge kwamba sebuleni kunaanza kupoa.

"Tadeo," akamjibu mkewe, na mtoto amemlalia begani, "uliniambia nyumba ina joto. Hukuniambia ina watu. Mimi niliogopa kuja kukaa humu na wewe na hicho kipimajoto chako mpaka tufe. Hiyo ndiyo baridi niliyokuwa naisema." Mzee alikitia kipimajoto mfukoni. Kisha akaenda kuleta kiti chake.

Wiki mbili ziliisha na ndege ikaondoka bila Mama Dora. Kila mwaka mvua zikishika, bomba lilichomolewa na kamba zikafungwa, na wale waliokuja kuanika ndio waliokuwa wateja wangu wa kwanza wa kweli, maana nguo kavu ikionekana imechanika fundi yuko hapo hapo. Duka langu la leo lilianzia kwenye lile ghala. Mzee alitutangulia, mapacha wakakua, na mwezi uliopita wao wawili ndio walioshika jeneza upande wa mbele, miguu yao sasa mikubwa kama mitumbwi.

Siku hiyo ya kukaraba, baada ya kicheko changu cha aibu, niliingia ndani kumtafuta Dora, yule binti aliyekuja kutoka Kanada kumzika mama yake. Alikuwa sebuleni peke yake, koti jeusi limelowa mwilini, anaangalia ukuta. Aliniambia kwamba kuna mtu anayenunua vyuma chakavu, na kwamba anafikiri kuliuza lile tanuru, kwa sababu kwa kweli halina maana tena. "Hata leo Mama Fifi amesema ameliwasha," akasema huku anatetemeka, "na huku ndani ni baridi tupu. Hivi kweli linafanya kazi?"

Nilikwenda kwenye tundu la ukutani, nikaweka mgongo wa mkono, kama nilivyofundishwa. Hakuna kitu. Baridi. Nikageuka kutazama turubai kupitia dirishani, na wale wamama waliotoka makaburini wamelowa mishanana, zile nguo zao za heshima za kutupia begani, hawakuwa tena kwenye viti vyao. Kutoka upande wa jikoni, kwa mbali, zilisikika sauti nyingi za wanawake na vikombe.

"Linafanya kazi vizuri kabisa," nikamwambia. "Vua koti, tukalianike ghalani."